Madume ya Msumari

Kazi yangu ya pili mjini London ilikuwa kutunza kulungu. Ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo katika jiko la hospitali, na juu ya hiyo sina mengi ya kusema ila kwamba kwa miaka mitatu mikono yangu haikuwahi kukauka. Mke wangu, aliyekuwa nesi katika hospitali hiyohiyo, ndiye aliyeliona tangazo gazetini: bustani moja kubwa ya umma, yenye ukuta wa matofali pande zote na kundi la kulungu ndani yake, inatafuta msaidizi wa mtunza wanyama. Alilikata kwa mkasi, akalikunja, akalitia mfukoni mwa koti langu.

Nyumbani Unguja nilikuwa bwana mifugo. Nilikuwa nikipita mashambani kuwadunga ng'ombe sindano na kuwaelekeza watu namna ya kulea ndama. Baada ya Mapinduzi niliendelea na kazi kwa muda, mpaka asubuhi moja tukaitwa uani, ikasomwa orodha ya wanaoachishwa kazi, na jina langu likawamo. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Aliyesoma alikuwa mtu niliyemfahamu, na alisoma upesi upesi, macho hayainuki kutoka kwenye karatasi. Mwaka uliofuata tukaondoka. Huku London vyeti vyangu havikumshughulisha mtu, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mtunza mkuu wa bustani ile, Mwingereza wa shamba, mrefu, masikio mekundu kwa baridi, ambaye alikuwa ameishi na kulungu tangu ujana wake. Siku aliyonijaribu hakuniuliza nimetoka wapi. Alinipeleka bandani alikokuwa amelazwa jike aliyevimba kiwele, akaniambia, "Hebu mwangalie." Nikapiga magoti kwenye majani makavu, nikamshika, nikamwambia ninachokiona. Akaitikia kwa kichwa. Jumatatu nikaanza kazi.

Kiswahili hakina jina khasa la mnyama huyu. Mke wangu alimwita paa, mimi nikamwita kulungu, na sote wawili tulikuwa tunakosea, maana paa na kulungu wa kwetu ni wanyama wengine kabisa. Hawa wa Uingereza ni wakubwa kuliko mbuzi, wana madoa meupe mgongoni wakati wa joto, na madume wao huangusha pembe kila mwaka, zikaota nyingine. Dume wa mwaka mmoja huota pembe mbili zilizonyooka, hazina tawi hata moja, mfano wa misumari iliyopigiliwa kichwani. Miaka inayofuata, akijaliwa, pembe hutanuka zikawa kama viganja vya mikono vilivyofunuliwa. Nyumbani kwangu tukawaita wale wadogo madume ya msumari, na jina hilo nalitumia mpaka leo.

Jambo ambalo wageni wa bustani hawakulijua, au hawakupenda kulijua, ni kwamba kila mwaka baadhi ya kulungu hupigwa risasi. Bustani ina ukuta. Ndani ya ukuta majani ni yaleyale, na kila Juni huzaliwa watoto. Hakuna chui wala mbwa mwitu. Usipowapunguza, watajipunguza wenyewe kwa njaa, na njaa haichagui, tena haina haraka. Hili sikuhitaji kufundishwa. Mtu aliyelea ng'ombe kwenye shamba dogo analijua.

Desturi ilikuwa hivi: Oktoba huandikwa orodha, Novemba hupigwa majike, Februari hupigwa madume. Kazi hufanywa alfajiri, kabla milango ya bustani haijafunguliwa. Mkuu wangu ndiye aliyeandika orodha, na kwa madume wachanga alikuwa na kanuni moja aliyoirithi kwa baba yake, aliyemtangulia katika kazi hiyo: msumari ukiwa mfupi kuliko sikio, dume huyo anakwenda. Alisema mfupi leo ni mfupi daima, na ukimwacha atazaa wafupi wenziwe, na kundi zima litadhoofika. Kwa miaka kadhaa sikuwa na neno juu ya kanuni hiyo. Kila mwaka waliokuwa hivyo ni wawili, watatu.

Kisha kikaja kiangazi kile cha ukame ambacho wakongwe wa London bado wanakisimulia. Majani yaligeuka rangi ya mkeka. Bwawa la bustani likawa tope, tope likapasuka. Majike walizaa katikati ya joto lile, na nikawaona watoto wao wakisimama vivulini, mbavu zinahesabika, wakinyonya viwele vilivyosinyaa. Mimi ndiye niliyewakamata watoto wale, mmoja mmoja, kuwavisha hereni za plastiki zenye namba masikioni, na katika daftari langu niliandika uzito wa kila mmoja, tarehe niliyomkuta, na hali ya mama yake. Hakuna aliyeniagiza. Ni mazoea ya kazi yangu ya zamani, sikuweza kuyaacha.

Mwaka uliofuata, madume wale walipoota misumari yao ya kwanza, nilianza kuwatazama kwa darubini. Karibu wote walikuwa wafupi. Wengine walikuwa na vijinundu tu, huwezi hata kuviita pembe.

Oktoba ilipofika mkuu aliandika orodha yake mezani katika kibanda chetu, akanipa niisome. Wa msumari mfupi walikuwa kumi na mmoja.

Nikamwambia, "Bwana, hawa ni wa ukame."

"Najua ni wa mwaka gani."

"Basi ufupi wao si wa damu. Ni wa maziwa. Mama zao hawakuwa na cha kuwapa."

Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa. Hakuwa mtu wa kukasirika. "Unajuaje?"

Nikamfungulia daftari. Nikamwonyesha mmoja baada ya mwingine: huyu nilimkuta Julai, amechelewa kuzaliwa, huyu mama yake alikuwa jike mchanga, uzazi wa kwanza, huyu uzito wake ulikuwa nusu ya wenziwe wa mwaka wa nyuma. Alisoma kurasa zote, kwa kidole, polepole. Chai yake ikapoa. Mwisho akafunga daftari, akalisukuma kwangu.

"Huenda unasema kweli," alisema. "Sijui. Baba yangu asingekubali, lakini baba yangu hakuwa na daftari. Sasa nisikilize. Idadi haibadiliki. Wakati wa baridi bustani hii italisha wangapi, mimi na wewe tunajua. Ukiwatoa hawa kumi na mmoja kwenye orodha, niambie nani wanaingia mahali pao. Niandikie, uniletee Ijumaa."

Nilifikiri nimeshinda hoja, kumbe nimepewa kalamu.

Jioni ile nilimkuta mke wangu amerudi kutoka Kingsbury, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyezaliwa Darajani kama yeye, ameleta nazi mbili na mbaazi. Alikuwa ameketi chini jikoni anakuna nazi kwa mbuzi tuliyokuja nayo ndani ya sanduku. Nikakaa kwenye kiti nikamweleza habari yote. Nikamwambia pia, jambo ambalo kwa mkuu wangu nisingeweza kulisema, kwamba tangu asubuhi nilikuwa nasikia sauti ya yule bwana akisoma majina uani kwetu, na kwamba nilijiona kama yeye.

Aliacha kukuna. "Mwenzangu," alisema, "usifananishe. Wale waliosomwa walikuwa watu, na waliowasoma hawakuwa na lazima. Wewe una lazima. Hao ni wanyama waliofungiwa ukutani, na mtu lazima awatazame kwa jicho la huruma na akili."

"Lakini jina bado naliandika mimi."

"Basi liandike vizuri. Yule bwana alisoma upesi. Wewe usiende upesi."

Akaendelea kukuna nazi. Binti yetu, aliyekuwa na miaka saba na aliyezoea kutusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza, alitokeza kichwa mlangoni akauliza kama wale paa watakufa kweli. Mama yake akamwambia wengine, ndiyo. Akafikiri kidogo, akauliza kama wanajua. Akarudi kwenye televisheni.

Siku tatu nilizunguka bustani na daftari. Kuchagua dume wa kupiga kwa kanuni ya sikio ni rahisi, unatazama, unaandika. Kuchagua kwa macho yako mwenyewe ni kazi nyingine. Nilitafuta wazee. Jike mzee unamjua kwa uso uliorefuka, mgongo ulioteremka katikati, na mwendo wa kukwepa mashimo ambayo wadogo wanayaruka. Niliwatafuta wasio na watoto mwaka ule, wanaokonda kabla ya baridi yenyewe haijaanza. Nilipata wanane. Watatu waliobaki nikawachagua miongoni mwa wale wa msumari wenyewe: mmoja alikuwa na jicho bovu, na wawili walizaliwa na mama wenye afya, wakati mzuri, na bado walikuwa dhaifu. Hao sikuwa na cha kuwatetea.

Ijumaa mkuu alisoma orodha yangu akaweka alama moja tu. "Huyu jike wa hereni ya manjano. Una hakika hana mtoto?"

Nilikuwa nimemtazama siku tatu mfululizo. Alikula majani peke yake, kando ya wenziwe, karibu na ile miti ya mialoni. "Sijamwona na mtoto."

"Hujamwona," alirudia, akaiacha orodha ilivyo.

Novemba asubuhi ya ukungu tulitoka na gari la kazi. Wakati huo nilikuwa na kibali cha bunduki. Polisi wawili walikuwa wamekuja nyumbani kuniuliza maswali kwa saa nzima, na mke wangu akawapa maandazi. Lakini siku zile kwa kawaida aliyepiga alikuwa mkuu. Alipiga vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona; mnyama alikuwa anakula, kisha hayupo, na wenziwe wanainua vichwa tu. Mimi nilikuwa nikiwafuata kuwapasua na kuwakagua. Kila mara, kabla sijamgusa mnyama, nilisema bismillahi kimoyomoyo, ingawa nyama ile sisi hatukuila kwa kuwa haikuchinjwa. Mkuu alishazoea kunipa paja na mimi kumrudishia, na kila mwaka tulilifanya hilo kwa adabu.

Yule jike wa hereni ya manjano alikuwa wa tatu asubuhi ile. Alianguka palepale mialoni. Nikamgeuza, nikashika kiwele chake, na vidole vyangu vikajua kabla ya mimi mwenyewe. Nilikamua. Maziwa yakatoka.

Nilibaki nimepiga magoti. Mkuu alikuja taratibu akasimama nyuma yangu, akayaona maziwa mkononi mwangu. Sikusikia lawama. Alisema tu, "Lazima tumtafute."

Mtoto mwenye miezi mitano anakula majani, lakini baridi ya kwanza asiye na mama hukonda, hufukuzwa na wakubwa kwenye chakula, na hufa Januari au Februari, pembeni mwa ukuta, baada ya wiki nyingi. Nilikuwa nimeshawaokota wa namna hiyo. Tulijua sote wawili.

Tulimtafuta muda mrefu. Milango ilikuwa karibu kufunguliwa, na mkuu alipiga simu ya kibandani kuomba wachelewe. Nilitembea kwenye nyasi ndefu zilizolowa, suruali imenishika miguuni, nikijiambia kwamba labda yuko na kundi, labda ni mkubwa kuliko ninavyodhani. Hatimaye tulimkuta kwa sababu yeye mwenyewe alirudi. Tulipogeuka kuelekea gari, alikuwa amesimama pale mama yake alipoangukia, hatua chache kutoka kwenye damu, ananusa. Alikuwa dume. Mdogo sana, amezaliwa labda Agosti mwishoni, kwa mama mzee, ndiyo maana hata mimi mwenye kuwavisha hereni sikumpata. Mama alikuwa akimficha kwenye nyasi na kwenda kula mbali, kama wafanyavyo majike watoto wakiwa wachanga, ijapokuwa umri wa kumficha ulikuwa umepita.

Mkuu alinitazama. "Nitafanya mimi, au wewe?"

Nikasema, "Mimi niliyeandika."

Akanipa bunduki. Mtoto aliinua kichwa kunitazama, masikio mbele, bila hofu kubwa. Nilipumua, nikafanya kama nilivyofundishwa. Ilikuwa haraka. Kisha nikampa mkuu bunduki yake, nikaenda kumbeba mtoto.

Tulipokuwa tunawapakia garini, mama na mtoto, mkuu wangu, ambaye sikumjua kuwa mtu wa maneno, aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza alifanya kosa lilelile, na kwamba aliyemfundisha alimcheka. "Kicheko kile nilikaa nacho miaka mingi," alisema. "Sikutaka ukae nacho wewe." Akawasha gari. Milango ilifunguliwa, na mwanamke mmoja mwenye kigari cha mtoto akatupungia mkono.

Sikumweleza mke wangu siku ile. Nilimweleza baada ya wiki, tukiwa kwenye basi. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika mkono wangu juu ya paja lake akaukaza, na hakunipa maneno ya kunifariji. Namshukuru kwa hilo.

Wale wanane wa msumari niliowaombea walipita baridi ile salama. Aprili waliangusha misumari yao, nami nikaiokota niliyoweza, mingine haizidi urefu wa kidole. Mvua ya mwaka ule ilikuwa njema. Kufika Septemba, nilipowatazama tena kwa darubini, nilimwita mkuu aje haraka. Watano kati yao walikuwa wamechanua pembe kama madume wengine wowote wa umri wao; usingewatofautisha. Wawili walikuwa nyuma kidogo. Mmoja alikuwa bado na misumari, mirefu zaidi, lakini misumari.

Mkuu alitazama kwa muda mrefu, darubini imembana kwenye uso. "Baba yangu," alisema, "aliwapiga wangapi?" Hakuwa ananiuliza mimi. Nilijua kuna mwaka mmoja wa vita, wa njaa na theluji, ambao alipenda kuusimulia kwa fahari, jinsi kundi lilivyosafishwa. Hakuusimulia tena tangu siku hiyo.

Kanuni ya sikio hakuifuta moja kwa moja. Aliandika chini yake, kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama, kwamba baada ya mwaka mbaya dume asihukumiwe kwa msumari wa kwanza, angojewe mwaka mmoja, na aangaliwe mwili wake, tarehe yake na mama yake. Chini zaidi nikaongeza mimi, kwa ruhusa yake, kwamba jike yeyote wa kuandikwa aangaliwe siku saba, si tatu, na asubuhi na jioni.

Yule aliyebaki na misumari tulimngoja mwaka mwingine. Alikuwa mpole, alisogea karibu na gari letu kuliko wote, na nakiri nilimpenda. Mwaka wa tatu wenziwe walikuwa na viganja vipana, wanapigana, na watalii wanawapiga picha. Yeye alikuwa na misumari, na nyonga zilizochongoka, na hakuna aliyemruhusu kufika kwenye majani mazuri. Safari hii hakukuwa na ukame wa kumtetea. Oktoba mkuu alinisukumia karatasi tupu, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua na alitaka mimi niizoee kazi ile. Namba ya kwanza niliyoandika ilikuwa yake. Mkuu aliisoma, akatia sahihi.

"Ulimpa miaka miwili," alisema.

"Nilimpa."

"Si kidogo, kwa kulungu."

Nilimpiga mwenyewe Februari, kwenye jua jembamba, akiwa anakula. Nilipompasua nilimkuta na uvimbe wa zamani kwenye ini, wa siku nyingi. Hakuwa na damu mbaya, wala hakuwa mtoto wa ukame tu; alikuwa mgonjwa, na hakuna pembe ambayo ingeniambia. Nililiandika hilo pia daftarini.

Niliifanya kazi ile miaka kumi na tisa mingine, mingi yake nikiwa mtunza mkuu mwenyewe. Watu waliposikia kazi yangu walidhani ni ya kulisha wanyama na kutembea kwenye hewa safi, na kwa siku nyingi za mwaka ilikuwa hivyo kweli. Kila Oktoba niliomba likizo ya siku moja kabla ya kuandika, nikatembea kundini bila karatasi, nikiwatazama tu. Vijana waliokuja kujifunza kwangu waliniuliza ninatafuta nini siku hiyo. Niliwaambia ukweli, kwamba sitafuti kitu, ninajichelewesha.

Jumapili moja ya mwanzoni mwa miaka hiyo, mkuu wangu wa zamani akiwa ameshafariki, nilimleta mke wangu bustanini. Ilikuwa msimu wa madume kuunguruma, na mmoja wa wale wanane, mkubwa sasa, shingo imemvimba, alisimama juu ya kilima na kundi lake la majike. Nilimwonyesha. Alimtazama kwa makini, mtandio umemkaa vizuri kichwani, pua nyekundu kwa baridi.

"Huyu ndiye wa maziwa haba?"

"Ndiye."

"Na yule mama yuko wapi? Yule mwenye mtoto."

Nikamwelekeza kwenye mialoni. Hapakuwa na kitu cha kuona pale, majani tu, na wenzi wawili wamekaa kwenye blanketi wanakula sandwichi. Mke wangu alikwenda mpaka karibu nao, akasimama kidogo, mikono mfukoni, kisha akarudi kwangu, na tukatembea kuelekea kituo cha basi kabla mvua haijaanza.